SOMO LA AFYA: ZEBAKI KATIKA SAMAKI WA BAHARI



Somo letu la safari hii limetokana na swali la mwanachama. Katika kikundi cha masomo cha tawi moja la shamba la mkonge, mada ya siku hiyo ilikuwa malipo ya saa za ziada. Kikao kilipokwisha na watu wameanza kuinuka, dada mmoja anayefanya kazi kwenye kinu alinyosha mkono. Alisema amesikia kwamba papa ana sumu iitwayo zebaki. Yeye ana mimba ya miezi minne, na kila siku ya mshahara hununua ng'onda wa papa kwa sababu haozi upesi, na kipande kimoja hulisha nyumba nzima siku tatu. Akauliza: "Je, niache? Na nikiacha, nile nini?"

Mwalimu wa kikundi, ambaye ndiye mwandishi wa somo hili, hakuwa na jibu siku hiyo. Alikuwa amejitayarisha kwa saa za ziada tu. Jibu lipo, na linamhusu kila mwanachama anayekula samaki, yaani karibu sisi sote. Lakini ili lifahamike vizuri yatupasa kuanza mbali kidogo, tena tuanze kiwandani. Tunaomba ndugu wasomaji wavumilie, ng'onda tutamrudia.

MINAMATA

Minamata ni mji mdogo wa pwani katika mkoa wa Kumamoto, kusini mwa Japani. Kampuni iliyokuja kuitwa Chisso ilianza kazi hapo mwaka 1908. Ilitengeneza mbolea, na kuanzia mwaka 1932 ikatengeneza pia asetaldehaidi, kemikali inayohitajika katika kutengeneza plastiki na vitu vingine vingi. Katika kazi hiyo zebaki ilitumika kama kichocheo, maana yake ni kitu kinachoharakisha badiliko la kemikali bila chenyewe kuingia katika bidhaa. Ndani ya mtambo, sehemu ya zebaki hiyo iligeuka kuwa zebaki ya methili, ambayo ni sumu kali kuliko zebaki ya kawaida, ikatoka pamoja na maji machafu kupitia mfereji wa kiwanda mpaka ndani ya ghuba.

Mji mzima ulikitegemea kiwanda hicho. Karibu nusu ya kodi ya mji ilitoka kwa kampuni na watu wake. Aliyepata kazi kiwandani alihesabiwa kuwa amefika. Wavuvi walikuwa watu wa chini, wakikaa katika vijiji vya kandokando ya ghuba, na chakula chao kilikuwa samaki asubuhi, samaki mchana, samaki jioni.

Katika miaka ya 1950 watu wa vijiji hivyo waliona mambo ya ajabu. Samaki walielea juu ya maji wakiwa hai lakini hawana nguvu. Ndege walianguka. Paka walitembea kama walevi, wakazunguka, wakaruka, wengine wakatumbukia baharini. Ikafika zamu ya watu. Mtu alianza kwa kusikia ganzi katika vidole na midomoni. Baadaye akashindwa kufunga vifungo vya shati, akapepesuka, ulimi ukawa mzito, masikio yakapungua nguvu, na macho yakaona mbele tu kama ya mtu anayechungulia ndani ya bomba. Waliozidiwa walipatwa na degedege, wakapoteza fahamu na kufa.

Tarehe 1 Mei 1956, siku ambayo sisi wafanyakazi tunaijua kwa jambo jingine, Dk. Hosokawa Hajime alipeleka taarifa kwa ofisi ya afya kwamba umetokea ugonjwa wa ubongo usiojulikana. Wagonjwa wa kwanza waliomfanya aandike taarifa hiyo walikuwa watoto wadogo. Tafadhali kumbukeni kazi yake: alikuwa mkuu wa hospitali ya kiwanda chenyewe, mwajiriwa wa Chisso.

Mwanzoni watu walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Nyumba za wagonjwa zikanyunyiziwa dawa, majirani wakapita mbali, watoto wao wakatengwa. Lakini mapema sana waganga wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walishuku samaki wa ghuba. Mwaka 1957 serikali ya mkoa ilitaka kutumia sheria ya usalama wa vyakula ili kuzuia samaki hao. Wizara mjini Tokyo ikajibu kwamba hakuna ushahidi wa wazi kuwa samaki wote wa ghuba wana sumu, kwa hiyo sheria haiwezi kutumika. Jibu hilo lisomeni mara mbili. Ni kana kwamba mtu akikuta nyoka katika gunia la mahindi aambiwe atie mkono tu, kwani haijathibitishwa kuwa gunia lote ni nyoka.

Mwezi Julai 1959 chuo kikuu kilitangaza kwamba sumu yenyewe ni zebaki ya aina ya ogani. Kampuni ilikataa. Lakini ndani ya hospitali ya kampuni Dk. Hosokawa alikuwa akifanya jaribio lake kimya kimya: alimlisha paka chakula kilichotiwa maji machafu yaliyotoka moja kwa moja katika mtambo wa asetaldehaidi. Paka huyo alikuwa wa namba 400. Mwezi Oktoba 1959 paka akaanza kupepesuka na kuzunguka kama wale wa vijijini. Wakubwa wa kampuni walijulishwa. Jaribio likasimamishwa na matokeo yakafichwa.

Mwisho wa mwaka huo kampuni ilizindua mtambo wa kusafisha maji. Katika sherehe, mkuu wa kampuni alikunywa bilauri ya maji mbele ya wageni kuonyesha kuwa ni safi. Baadaye ilifahamika mahakamani kwamba mtambo ule haukutengenezwa kwa ajili ya kuondoa zebaki. Siku chache baada ya sherehe hiyo, tarehe 30 Desemba 1959, wagonjwa walitia sahihi mkataba wa "fedha za pole". Aliyefiwa alipewa yeni 300,000. Mgonjwa mtu mzima aliahidiwa yeni 100,000 kwa mwaka, mtoto yeni 30,000. Ndani ya mkataba mlikuwa na kifungu kisemacho kwamba hata ikija kuthibitishwa baadaye kuwa kiwanda ndicho chanzo, wagonjwa hawatadai tena. Kampuni iliyojua habari za paka namba 400 iliandika kifungu hicho na kuwapa watu wasiojua watie sahihi. Na mwaka uliofuata, 1960, ikatengeneza asetaldehaidi nyingi kuliko mwaka wowote mwingine, zaidi ya tani 45,000.

CHAMA CHA WAFANYAKAZI KILIKUWA WAPI?

Hapa ndipo somo letu linapoumiza, na hatutapita haraka.

Mwezi Novemba 1959, wavuvi walipoingia kiwandani kwa nguvu wakitaka mfereji ufungwe, na wagonjwa walipokaa mbele ya lango siku nyingi katika baridi, wakubwa wa mji walikwenda kwa mkuu wa mkoa kumwomba asisimamishe maji ya kiwanda. Alikuwemo meya, walikuwemo wafanyabiashara, na chama cha wafanyakazi wa Chisso kilikuwemo. Hoja yao ilikuwa kwamba mfereji ukifungwa, kiwanda kinafungwa, na kiwanda kikifungwa, mji unakufa. Wafanyakazi wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na watoto na madeni kama sisi. Tena walikula samaki wa ghuba ile ile. Wengi walikuwa watoto wa wavuvi. Lakini waliiona hatari ya kupoteza mshahara, wasiione iliyokuwa juu ya sahani.

Miaka mitatu baadaye kampuni iliwageukia wao wenyewe. Mwaka 1962 ilileta mpango iliouita wa mishahara thabiti, ambao wanachama walioukubali wangekuwa wameweka chini silaha ya mgomo. Chama kikakataa na kugoma. Kampuni ikafunga malango na kusaidia kuundwa kwa chama cha pili kinachoelewana nayo. Mvutano ukaingia mwaka 1963. Ulipokwisha, wanachama waliobaki katika chama cha kwanza walihamishwa, wakacheleweshwa vyeo, wakapewa kazi za kudhalilisha. Sasa nao walipita mitaani wakiangaliwa vibaya, na hapo wakaanza kuwatazama wagonjwa kwa jicho jingine.

Mwezi Agosti 1968 chama hicho cha kwanza kilitoa azimio ambalo mpaka leo linaitwa azimio la aibu. Wanachama walikiri kwamba kwa miaka yote hiyo hawakupigana pamoja na wagonjwa, na kwamba wanaona aibu kwa jambo hilo kama binadamu na kama wafanyakazi. Mwaka huo huo kampuni ilipotaka kusafirisha kwenda Korea tani 100 za maji machafu yenye zebaki, wanachama walikataa na shehena haikwenda. Mwezi Mei 1970 waligoma kwa muda wa saa nane wakipinga uchafuzi uliofanywa na kampuni yao. Haukuwa mgomo wa mshahara. Wengine wao walitoa ushahidi mahakamani juu ya yale waliyoyaona na kuyatenda mtamboni: ni bomba gani lilikwenda wapi, na maji ya namna gani yalimwagwa saa ngapi. Habari kama hizo profesa hawezi kuzipata katika chupa ya maabara. Zimo katika kichwa cha fundi wa zamu.

Si kila mfanyakazi alifuata njia hiyo. Mwezi Januari 1972 mpiga picha Mmarekani W. Eugene Smith, aliyekuwa akipiga picha za wagonjwa, alijeruhiwa vibaya na kundi la watu wa kampuni katika kiwanda kingine cha Chisso.

Serikali ya Japani ilitamka rasmi tarehe 26 Septemba 1968 kwamba zebaki ya Chisso ndiyo iliyosababisha ugonjwa. Kampuni ilikuwa imeacha kutengeneza asetaldehaidi kwa njia hiyo mwezi Mei mwaka huo huo, kwa sababu njia mpya ya bei nafuu ilikuwa imepatikana. Maana yake ni kwamba ukweli ulitangazwa ulipokuwa hauigharimu kampuni kitu. Kabla ya hapo, mwaka 1965, ugonjwa ule ule ulikwisha kutokea Niigata kando ya mto Agano, kutokana na kiwanda cha kampuni nyingine, Showa Denko, kilichotumia njia ile ile. Dk. Hosokawa alitoa ushahidi wake juu ya paka namba 400 mwaka 1970 akiwa kitandani hospitalini, akafariki mwaka huo huo. Tarehe 20 Machi 1973 mahakama ya Kumamoto iliamua kwamba kampuni ina hatia, ikaubatilisha mkataba wa fedha za pole kuwa ni kinyume cha utu na utaratibu wa jamii, na kuamuru fidia ya yeni milioni 16 hadi 18 kwa mgonjwa. Mwaka 2004 Mahakama Kuu kabisa ya Japani ikaamua kwamba serikali nayo ina lawama, kwani ilikuwa na uwezo wa kuzuia tangu mwisho wa 1959. Waliotambuliwa rasmi kuwa wagonjwa, Minamata na Niigata pamoja, ni karibu 3,000. Makumi ya maelfu wengine wameomba msaada, na kesi ziliendelea kwa miaka mingi baadaye.

JINSI SUMU INAVYOPANDA

Sasa turudi kwa samaki, maana Minamata ilikuwa na mfereji wake, na bahari ya kwetu haina Chisso. Kwa nini basi papa anayevuliwa mbali kabisa na kiwanda chochote awe na zebaki?

Zebaki hutoka ardhini kwa njia nyingi. Kidogo hutoka katika volkano na miamba. Nyingi hutokana na kazi za watu: kuchoma makaa ya mawe katika vituo vya umeme, kuyeyusha madini, kutengeneza saruji, na zaidi ya yote uchimbaji mdogo wa dhahabu. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, zebaki inayotupwa hewani na shughuli za watu ni nyingi. Mwaka 2015 ilikuwa zaidi ya tani 2,200, na zaidi ya theluthi moja ya hiyo ilitokana na dhahabu. Moshi wake hauna rangi wala harufu. Husafiri na upepo mabara mazima, huanguka na mvua, huingia baharini. Huko vijidudu vidogo sana vya matope na maji huigeuza kuwa zebaki ya methili. Kazi iliyofanywa na mtambo wa Chisso, vijidudu huifanya polepole, bahari yote.

Zebaki ya methili ina tabia moja mbaya: ikiingia mwilini hukawia kutoka. Kwa mtu, nusu ya aliyokula hubaki hata baada ya siku 50 au zaidi. Kwa samaki hukaa zaidi. Vimelea vidogo vya majini hunyonya kidogo. Dagaa hula vimelea hivyo kwa maelfu, na zebaki ya wote hubaki katika mwili wake. Kibua hula dagaa. Jodari na nguru hula vibua. Papa hula jodari, na huishi miaka mingi, akiongeza kila siku. Ni kama mchango wa chama: kila mwanachama hutoa senti chache, lakini mweka hazina wa makao makuu hukuta fungu kubwa. Papa ndiye mweka hazina.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kukumbuka sokoni ni hii: samaki mkubwa, mzee, alaye samaki wenzake, ana zebaki nyingi; samaki mdogo, wa umri mfupi, alaye majani au vimelea, anayo kidogo sana. Papa, nduaro na samaki wengine wa jamii yake wenye mdomo mrefu, jodari wakubwa, na nguru aliyekomaa wako upande wa kwanza. Dagaa, vibua, tasi, pono na mkizi wako upande wa pili.

Kanuni ya pili: jiko halisaidii. Zebaki ya methili hushikamana na nyama yenyewe. Haimo katika mafuta wala ngozi kusudi uiondoe. Kuchemsha, kukaanga, kutia ndimu, kutia chumvi, kuanika juani, yote hayo hayaiondoi. Papa akikaushwa, maji hutoka na zebaki hubaki, kwa hiyo kipande kidogo cha ng'onda kina zebaki ya kipande kikubwa cha papa mbichi. Kuangalia hakusaidii pia. Samaki huyo hana harufu mbaya, mashavu yake ni mekundu, macho yanang'aa.

TUFANYE HESABU

Mwaka 2003 wataalamu wa mashirika ya kimataifa ya afya na chakula, WHO na FAO, waliweka kipimo cha zebaki ya methili ambacho mtu asivuke ili mtoto aliye tumboni asidhurike: mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Tumchukue mama mwenye uzito wa kilo 60. Zidisha 60 kwa 1.6, tunapata mikrogramu 96 kwa wiki.

Papa waliopimwa kwa miaka mingi katika soko la Marekani walikuwa na wastani wa karibu miligramu moja, yaani mikrogramu 1,000, katika kila kilo. Gawanya 96 kwa 1,000. Mama huyu atafikia kipimo chake cha wiki kwa gramu 96 za papa mbichi, yaani kipande kisichozidi kiganja cha mkono wake. Jodari mwepesi wa kopo alikuwa na wastani wa mikrogramu 126 katika kilo. Mama atakifikia kipimo kwa robo tatu ya kilo hivi. Samaki wa jamii ya dagaa wa bahari, wale wa makopo ya sadini, walikuwa na mikrogramu 13 tu. Gawanya 96 kwa 13: inamlazimu kula zaidi ya kilo saba kwa wiki. Sijaona mshahara wa shambani unaonunua kilo saba za sadini kwa mtu mmoja.

Papa mdogo wa pwani ana zebaki pungufu ya papa mkubwa wa bahari kuu, kwa hiyo hesabu hii isichukuliwe kama ya kila kipande sokoni. Wala kipimo si mstari ambao ukiuvuka unaanguka. Kimewekwa chini kwa makusudi, na mtu mzima mwenye afya anayekula papa mara moja moja hana haja ya hofu. Watu wa Minamata walikula samaki wenye sumu nyingi mno, kila siku, kwa miaka. Hatari ya kwetu ni ya namna nyingine, nayo inamhusu hasa yule dada aliyeuliza.

MTOTO TUMBONI

Waganga wa zamani waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu. Huko Minamata walizaliwa watoto ambao hawakuweza kuinua shingo, kutembea wala kusema, na mama zao walionekana wazima. Ikasemwa ni ugonjwa wa kuzaliwa nao tu. Mama mmoja alimwambia Dk. Harada Masazumi kwamba hakuna ajabu: mtoto wake aliinyonya sumu yote tumboni, ndiyo sababu yeye mama hakuugua sana. Harada alimsikiliza. Mwaka 1962 ilikubaliwa kwamba mama alikuwa amesema kweli. Kondo la nyuma haliizuii zebaki ya methili; damu ya mtoto hukusanya nyingi kuliko ya mama, na ubongo unaojengwa ndio unaodhurika kwanza.

Wajapani wana desturi ya kuhifadhi kipande cha kitovu cha mtoto ndani ya kisanduku kidogo. Sisi tunakizika, na tunasema mahali hapo ndipo kwetu. Vitovu vile vikavu, vilivyotunzwa na akina mama wa Minamata, vilipopimwa baada ya miaka vilikuwa bado na zebaki ndani, na vilionyesha ni miaka gani sumu ilizidi. Kampuni iliweza kuficha daftari la paka, lakini kisanduku cha mama haikukifikia.

Kwa kiasi kidogo, mtoto hazaliwi kilema. Huweza kuchelewa kusema, kukumbuka na kujifunza, na hakuna atakayejua sababu. Ndiyo maana onyo linawahusu hasa wajawazito, wanaotarajia kupata mimba, wanaonyonyesha, na watoto wadogo.

Basi jibu kwa dada yetu ni hili. Papa amwache, mbichi na ng'onda, mpaka amalize kunyonyesha; nduaro na nguru mkubwa vilevile. Lakini samaki asiache! Atakayetoka kwenye kikao na kutangaza kambini kwamba samaki ni sumu atakuwa ameleta madhara makubwa kuliko zebaki. Mtoto tumboni anahitaji protini, madini joto na mafuta yale yale ya samaki kwa ajili ya ubongo wake, na wataalamu wa FAO na WHO wamesema wazi kuwa kutokula samaki nako kunamrudisha mtoto nyuma. Dagaa wakavu hawaozi pia, hununuliwa kwa kopo, hugawanyika, na bei yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya papa. Achague waliooshwa mchanga. Vibua, tasi na pono wakipatikana, na sato wa maji baridi, wote wanafaa.

Dada alipopelekewa jibu hili alisema mume wake hapendi dagaa. Hilo si suala la zebaki, na kikundi cha masomo hakikuliamua.

MFEREJI WA KWETU

Hatuna Chisso, lakini zebaki tunayo. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya huko Tanzania, wa Migori Kenya, wa Busia Uganda, huichanganya na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, kisha huchoma donge juu ya jiko la mkaa, mara nyingi nyumbani, watoto wakiwa karibu. Mchomaji huvuta moshi wake papo hapo. Unaobaki hewani huanguka mitoni, ziwani na baharini. Sabuni na krimu za kujichubua ngozi, nyingine zimepigwa marufuku na bado zauzwa, zina zebaki ya aina nyingine inayoharibu figo.

Ndugu wa mashambani nao wasidhani hili ni la wavuvi. Mwaka 1971 na 1972 huko Iraki, mbegu za ngano zilizopakwa dawa ya zebaki ya methili ya kuzuia ukungu ziligawiwa wakulima. Magunia yalikuwa na maonyo kwa Kihispania na Kiingereza. Watu wenye njaa walioka mkate. Zaidi ya 6,500 waliingia hospitali na 459 kati yao wakafa humo. Na huko Australia, dawa ya zebaki ya kuchovya vipande vya mbegu za miwa ilifutiwa kibali mwaka 2020 tu. Aliyekuwa akichovya ni mfanyakazi wa shamba, na maji yaliyobaki yalitafuta njia ya kwenda baharini.

Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki ulitiwa sahihi Kumamoto mwezi Oktoba 2013, ukapewa jina la Minamata, na ukaanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Tanzania, Kenya na Uganda zimo. Kwa hiyo mwakilishi wa tawi anapouliza juu ya zebaki hachokozi mtu. Anauliza juu ya jambo ambalo serikali yake imelitilia sahihi.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA KIKAO KIJACHO

Kila kikundi kichague watu watatu. Wa kwanza aende dukani kwa kambi au jikoni kwa kiwanda aandike ni samaki gani wanaouzwa au kupikwa kwa wiki, bei ya kila mmoja, na nani hasa hununua. Wa pili akusanye majina ya dawa zote zinazotumika kwenye mbegu, kwenye boila, maabara na stoo, kama yalivyoandikwa kwenye pipa au gunia, kwa lugha yoyote ile, hata asipoyaelewa. Pia ahesabu vipimajoto na vipimashinikizo vya zebaki vilivyobaki, na aulize vikivunjika hufagiliwa na nani na hutupwa wapi. Wa tatu, afadhali awe fundi wa zamu ya usiku, aufuate mfereji wa maji machafu kwa miguu kuanzia ukutani mwa kiwanda mpaka unapoishia, aandike unapita kwa nani, nani anateka maji chini yake, na nani anavua.

Majibu yaletwe kikaoni yakiwa yameandikwa. Nakala moja ibaki kwa katibu wa tawi.